Mzee wangu kaacha bahari sasa anakaa tu, kwa siku anahitaji kalori ngapi?

BintiNungwi

Assalaam alaykum ndugu zangu, nna swali na naomba mnijibu kwa utaratibu maana nishasoma huku mtandaoni mpaka kichwa kinaniuma. Baba yangu ana miaka 64, tangu ujana wake alikuwa mvuvi Nungwi, mtu wa kutweka tanga, kuvuta nyavu, kusukuma ngalawa mchangani, na akifika pwani bado anabeba samaki mpaka mnadani. Mwaka juzi magoti yakamkataa tukamwambia baba inatosha, njoo mjini ukae na sisi. Akaja. Sasa siku yake ni hivi, alfajiri msikitini, akirudi anakaa kitako barazani anakunywa chai na kuzungumza na wazee wenzake, adhuhuri msikitini tena, chakula, kulala kidogo, baraza, ndo hivo mpaka isha. Na msikiti wenyewe uko mlango wa tatu kutoka kwetu.

Lakini kula yake ni ile ile ya bahari. Asubuhi chai ya maziwa vikombe viwili na maandazi au mkate wa kumimina, mchana wali wa nazi sahani imesimama na mchuzi wa samaki, baada ya alasiri chai tena na kitu cha kutafuna, usiku muhogo au ndizi za nazi, au chapati na mchuzi uliobaki mchana. Sukari kwenye chai anatia mwenyewe vijiko vinne vya kujaa na hataki mtu amtilie.

Tulipompeleka kupimwa akakutwa kilo 82, urefu sentimita 168, presha imepanda kidogo na sukari wamesema iko mpakani. Dawa ya sukari hajapewa, daktari akasema apunguze uzito, kalori zake nyingi, na maelezo yakaishia hapo.

Sasa nikitafuta naambiwa mwanaume ni 2500, pengine nasoma 2000, apu niliyoweka kwenye simu imeniambia 1866, na shoga yangu mmoja kanambia yeye anakula 1200 na kapungua kweli kweli, basi na mzee awe 1200. Mie naona kama tutamuua. Kwa mtu asiyefanya kazi ya nguvu ni ngapi hasa? Na hizo kalori mtu anazihesabu vipi kwenye wali wa nazi, ilhali tunakula sinia moja na wajukuu? Na jengine nakuombeni mlifikirie sana, huyu ni baba yangu na yuko nyumbani kwangu, sitaki aone mwanawe anamnyima chakula.

Nesi_Mwera

Waalaykum salaam dada yangu. Mungu akulipe kwa kumlea mzee. Nimefanya kazi kliniki ya sukari na presha muda mrefu na swali lako ndo tunaloulizwa karibu kila siku, kwa hiyo nivumilie ntaandika kirefu.

Kalori unazoziona kwenye apu ndo hizo hizo zinazoandikwa kcal kwenye pakiti ya biskuti, usihangaike na majina. Kubwa ni kujua zinakwenda wapi. Mwili hata ukiwa umelala unazitumia, moyo unapiga, ini na figo zinafanya kazi, ubongo haulali, joto la mwili linatakiwa likae pale pale. Kwa mtu anayeshinda amekaa, matumizi haya ya kupumzika peke yake yanachukua kama asilimia 60 mpaka 75 ya kalori zote za siku. Kama asilimia 10 hivi inakwenda kwenye kusaga chakula chenyewe. Kinachobaki ndo kutembea, kuinuka, kufanya kazi.

Ile apu yako imetumia fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Unachukua uzito kwa kilo unazidisha kwa 10, unajumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, halafu mwanaume unamwongezea 5 na mwanamke unamtolea 161. Tumpigie mzee: 820, jumlisha 1050, toa 320, ongeza 5. Inakuja 1555. Hizo ni kalori za mwili wake ukipumzika tu bila kufanya chochote. Halafu unazidisha kwa namna anavyojishughulisha. Apu nyingi kwa mtu wa kukaa zinazidisha kwa 1.2, ndo ukapata 1866. Lakini wataalamu wa mashirika ya chakula na afya duniani, FAO na WHO, na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa waliokutana 2001 waliwapa watu wa maisha ya kukaa au kazi nyepesi kuanzia 1.40 mpaka 1.69. Ukizidisha kwa 1.4 unapata 2177. Kwa hiyo mzee wako ili abaki na kilo zake 82 anahitaji kati ya 1866 na 2177, na mie kwa mtu ambaye anainuka kwenda msikitini mara tano, anasimama na kurukuu, lakini zaidi ya hapo hatembei, ningeanza na 2000.

Sasa angalia jambo moja ambalo watu wengi hawalioni. Tufanye alipokuwa na miaka 35 alikuwa na kilo 66, urefu ule ule. 660, jumlisha 1050, toa 175, ongeza 5. Unapata 1540. Yaani mwili wake ukipumzika ulikuwa unatumia karibu sawa sawa na leo! Lakini mvuvi wa kuvuta nyavu unamzidishia kwa 2 hivi, ukafika 3080. Kwa hiyo mzee hajawa mlafi dada, sahani anayokula ilikuwa sahani yake ya haki kabisa wakati ule, ila kazi iliyokuwa inaimaliza imeondoka na kalori kama elfu moja kwa siku hazina pa kwenda.

Kuhusu 1200, hapana. Hiyo iko chini hata ya ile 1555 ya kupumzika. Atapungua ndio, lakini mzee akipunguzwa kwa kasi namna hiyo anapungua na nyama za mwili pamoja na mafuta, miguu inaisha nguvu, halafu anaanguka chooni mnaanza matatizo mengine. Huyo shoga yako pengine ni mwanamke mdogo wa mwili, na hata yeye 1200 asikae nayo bila mtu wa afya kumwangalia.

Kumpunguza mzee toa 300 mpaka 400 kwenye ile 2000, abaki kwenye 1600 au 1700. Kwa mwezi akitoka kilo moja hivi mmefanya vizuri sana. Na wala hahitaji kurudi kilo za ujana. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2002, walichukua watu ambao sukari zao ziko mpakani kama za mzee, wakawapa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kujishughulisha dakika 150 kwa wiki, na walioingia kisukari wakapungua kwa asilimia 58 kulinganisha na wenzao ambao hawakupewa mpango huo. Kwa wenye miaka 60 na zaidi ilikuwa asilimia 71. Asilimia 7 ya kilo 82 ni kama kilo 6. Basi lengo lenu ni 76, na mna nusu mwaka wa kufika bila kumtesa mtu.

Mkarafuu_Wete

Mie yakhe niseme ukweli wangu, hizo hesabu za kuzidisha na kutoa siziamini sana. Hiyo fomula wamepimwa Wamarekani, hakupimwa mtu wa Wete wala wa Nungwi. Wazee wetu huku Pemba walikula majimbi, muhogo, mashelisheli, ndizi, wali wa nazi kila siku ya Mungu na hakuna aliyehesabu kitu, na mtu ana miaka sabini anapanda mkarafuu anachuma. Leo watu wanakula kidogo kuliko wao na wana sukari. Ugonjwa ni kukaa. Mtu akikaa damu nayo inakaa.

Kwa hiyo dada usimtie mzee kwenye hesabu za mzani jikoni, mtoe nje. Hapo mjini si mna viwanja vya Maisara, nenda alfajiri uone watu walivyojaa, vikundi vya mazoezi viko kila mtaa, na tarehe 1 Januari tunawaona wanatembea mpaka uwanja wa Amani wazee kwa vijana. Mtie kwenye kikundi cha watu wa rika lake, atembee atoke jasho, halafu muache ale wali wake kwa raha. Mzee kumkatia chakula ni kumkatia furaha, na furaha nayo ni afya.

Kijana_Jangombe

Kaka yangu wa Wete nakubaliana na wewe kuhusu kukaa, lakini hapo kwenye "atembee halafu ale" pana tatizo na hili nimelisoma kwa makini maana hata nyumbani kwetu tuna mzee wa aina hiyo.

Na habari nzuri ni kwamba hawakupimwa Wamarekani peke yao, walipimwa watu wa nchi hii hii. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipimwa na watafiti kina Herman Pontzer na matokeo yakatoka 2012. Waliwanywesha maji yenye alama maalumu ambayo baadae yanapimwa kwenye mkojo, kwa hiyo hakuna kuulizana mtu kala nini, kinachopimwa ni kile mwili ulichochoma kweli. Wanaume walitumia kama 2600 kwa siku na wanawake kama 1900. Hawa ni watu wanaotembea kutwa nzima. Na walipolinganishwa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini, kwa kuzingatia ukubwa wa mwili, haikuonekana tofauti ya maana! Inaonyesha mwili ukizoea kutembea unabana matumizi kwengine, hauendi ukichoma tu bila mwisho.

Sasa mtu wa kilo 82 akitembea nusu saa mwendo wa kawaida anachoma kama 135, na humo zimo hata zile ambazo angezitumia akiwa amekaa. Andazi moja kubwa linazifuta zote. Kwa hiyo ukimwambia mzee nenda Maisara halafu kula utakavyo, baada ya miezi utamkuta na kilo 82 zile zile, au 84.

Lakini kutembea asiache, na sababu yake ni sukari. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu, na dakika kumi mpaka kumi na tano za kutembea baada ya kula zinasaidia ile sukari isipande juu sana. Kwa mtu wa mpakani hilo ni kubwa kuliko kalori zenyewe.

Na watu wanaosema mtu akifika arobaini mwili unalala, nalo si hivyo. Utafiti mwengine wa 2021 wa huyo Pontzer na wenzake wengi, watu wa nchi nyingi, ulionyesha kuanzia miaka 20 mpaka kama 60 matumizi ya mwili, ukizingatia ukubwa wake, yanakaa pale pale, baada ya 60 ndo yanashuka polepole, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Mzee wa dada ndo kwanza ameingia humo.

Nesi_Mwera

Kijana ahsante, na ndo maana hiyo 3080 ya ujana wa mzee ichukulieni kama makisio. Fomula zote hizi zinaweza kukosea asilimia 10 juu au chini, mtu mmoja mmoja hata zaidi. Ni mahali pa kuanzia, mzani ndo utasema kama 1700 yenu ni kweli 1700.

Kaka wa Wete, mzee magoti yanamuuma, ndo yaliyomtoa baharini. Kumpeleka Maisara azunguke na vijana atakaa siku mbili tatu kitandani halafu hatotaka tena. Ila huyu ni mtu wa bahari. Dada, mtafutie mtu wa kwenda naye pwani maji yakiwa shwari, atembee ndani ya maji ya kiunoni, taratibu, dakika ishirini. Maji yanambeba uzito, magoti hayaumii, na miguu inafanya kazi kweli kweli. Kuanzia hapo ndo muangalie mengine.

BiMkubwa_Jikoni

Mwanangu BintiNungwi, nimesoma maneno ya wataalamu yote mazuri, lakini wewe unayepika ndo mwenye kazi, basi nisikilize na mie mtu wa jikoni. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sukari, nimepika chakula cha namna hii kwa muda mrefu na hakuna aliyekuja nyumbani kwangu akasema hichi chakula cha mgonjwa.

La kwanza, usiguse sahani ya mzee mbele za watu. Badilisha chungu. Ukibadilisha chungu nyumba nzima mnakula sawa na hakuna aliyenyimwa.

Nazi. Nazi moja iliyokomaa nyama yake ina kalori zaidi ya elfu moja, ndo mwanangu aliyesomea lishe alivyonambia, nyengine zinabaki kwenye chicha lakini mafuta yake mengi yanatoka na tui. Wewe kilo ya mchele unatia nazi ngapi? Mbili? Tatu? Tia moja, ukamue tui la kwanza uliweke mbali kidogo, wali upikie tui la pili, na lile zito ulinyunyize mwishoni wakati wa kupalia. Harufu inakaa juu na mtu anaisikia akifunua sufuria. Halafu siku ya wali wa nazi mchuzi usiwe wa nazi. Pika mchuzi wa ukwaju au wa ndimu na nyanya, na siku ya mchuzi wa nazi pika wali mweupe. Wali wa nazi, mchuzi wa nazi na usiku muhogo wa nazi, hizo ni nazi tatu kwenye tumbo la mtu aliyekaa barazani.

Mafuta ya kula usimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na ukimimina kwa jicho vinashuka vinne vitano hujui. Pima kwa kijiko.

Muhogo nao watu wanaudharau wanaona chakula chepesi. Gramu mia za muhogo zina kama 150 mpaka 160, wali mweupe uliopikwa gramu mia ni 130. Kwa hiyo muhogo wa usiku haujapunguza kitu, tena umeutia nazi. Viazi vitamu vya kuchemsha vinakuja kama 80 mpaka 90, shelisheli kama 100, basi mhamishie kwenye hivyo, siku nyengine mpe choroko au mchicha na samaki.

Samaki usimpunguzie hata kidogo. Changu wa kuchoma gramu mia ana kalori kama 130 tu na protini gramu 26, na mzee anahitaji protini ili nyama za mwili zisiondoke, kama alivyosema Nesi. Ila mchome, au mtie mchuzini bila kumkaanga kwanza.

Na sinia usiliache mwanangu, hilo ndo mapenzi ya nyumba. Kwenye sinia kila mtu anakula mbele yake, ndo adabu tuliyofundishwa, basi wewe unayepakua panga vizuri. Wali usiufanye mlima, utandaze. Mbele ya mzee weka kipande cha samaki kikubwa maana yeye ndo mkubwa, mchicha mwingi, kachumbari, na wali upawa mmoja na nusu. Watoto mbele yao tia wali zaidi, wao wanakua na wanakimbia. Atakayeona ataona mzee kapewa heshima yake, na kweli kapewa.

Chai. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha sukari ni gramu 4, kalori 16. Cha kujaa ni karibu mara mbili. Vinne vya kujaa mara vikombe vitatu au vinne kwa siku, fanya hesabu mwenyewe, unakaribia 400 kwa chai tu! WHO wanasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwa asilimia 5 ndo bora zaidi, ambayo kwa mtu wa 2000 ni gramu 25, vijiko sita vya kusawazisha kwa siku nzima. Usimfiche kopo la sukari, mtu mzima anaona. Chemsha chai kwa mdalasini, hiliki na tangawizi ya kutosha, mbadilishie kijiko kiwe kidogo, na mwambie baba tupunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi unazoea. Wangu alianza na vitano akaishia na kimoja, na siku tuliyokwenda harusini akaletewa chai ya kawaida akaiacha, akasema hii asali.

Na mwambie ukweli mwanangu, usimzunguke. Mtu aliyeendesha chombo baharini anajua hesabu kuliko sisi, mwambie baba, boti iliyofungwa gatini haijazwi mafuta ya kwenda Pemba. Atakuelewa mara moja. Kinachomuudhi mzee ni kuona anafichwa.

Mkarafuu_Wete

Bi Mkubwa hapo nimekuelewa. Hilo la mashelisheli huku yamejaa, na nakubali kijana kanipa jambo la kufikiri na hao Wahadzabe. Lakini bado nasema mzee apatiwe kitu cha kufanya na mikono. Mwekeeni nyavu nyumbani azitengeneze, awafundishe wajukuu kufuma. Mtu aliyezoea kazi ukimkalisha tu anakula kwa sababu hana la kufanya, nimemuona mjomba wangu hivyo hivyo.

BintiNungwi

Allah akulipeni kheri nyote, wallahi nimesoma mara mbili mbili. Bi Mkubwa maneno ya boti nimemwambia jana usiku, akanyamaza, halafu akaniuliza "kwani nimezidisha lita ngapi?" Nikamwambia zile hesabu za Nesi, elfu moja kwa siku, akashangaa sana, akasema basi tupunguze. Na la nyavu amelifurahia hata kabla sijamaliza kusema.

Sasa nimebaki na maswali. Barazani wanakunywa kahawa na kashata, Ijumaa haluwa lazima, na wajukuu wanamletea soda, na dafu je? Ramadhani tufanye vipi, maana futari ya nyumbani kwetu mnaijua. Na mie mwenyewe nimejipigia, ni fundi cherehani, nakaa kutwa, miaka 38, kilo 70, sentimita 158. Nimepata 1336 na nusu. Nimekosea?

Nesi_Mwera

Hujakosea. 700, jumlisha 987.5, toa 190, toa 161, ni 1336.5. Ukizidisha kwa 1.2 ni kama 1600, kwa 1.4 ni kama 1870. Fundi cherehani anayepika na kulea nyumba hakai kwenye 1.2, wewe jiweke 1800 hivi ya kubaki ulipo, na ukitaka kupungua 1500 inakutosha. Chungu cha Bi Mkubwa kitakufaa na wewe.

Kahawa chungu haina kalori za kuhesabu, anywe, ila jioni sana itamkosesha usingizi. Kashata ndo yenye mambo, ni sukari na nazi au njugu, achukue kipande kimoja kidogo awaachie wenzake zilizobaki. Haluwa ya Ijumaa ni sukari na samli, usimkataze, kipande cha kidole na kahawa kisha sahani iondoke. Soda ya mililita 350 ni kama kalori 150, zote sukari, hiyo waambie wajukuu waache kabisa kumletea. Dafu lina kama 19 tu kwa mililita mia, gilasi moja haifiki 50, ni bora mara tatu kuliko soda, lakini nalo lisiwe maji ya kunywa kutwa.

Kwa siku mgawie hivi, asubuhi 400, mchana 600, alasiri 100, usiku 500 au 600. Asubuhi akila boflo vipande viwili na yai la kuchemsha, chai ya maziwa kijiko kimoja, amefika. Maandazi yawe ya siku moja moja.

Ramadhani mzee wa sukari ya mpakani asiye na dawa mara nyingi anafunga bila shida lakini aulize kliniki kabla mwezi haujaingia. Kalori za siku ni zile zile, zinahamia usiku. Tatizo la futari ni kwamba tambi za sukari, mihogo, ndizi, sambusa, bajia na juisi vinawekwa pamoja na mtu mwenye njaa anagusa vyote. Afungue kwa tende mbili tatu na maji, uji, aswali magharibi, halafu arudi achague kitu kimoja cha wanga na samaki. Daku asiache.

Mzani mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, nguo nyepesi zile zile. Uzito unapanda na kushuka kwa maji na chumvi kwa hiyo msiangalie siku moja, angalieni wiki nne. Zikipita hajapungua hata kidogo, basi toa 150 nyengine, na sehemu ya kwanza kuangalia ni mafuta na chai. Akipungua zaidi ya kilo mbili kwa mwezi mwongezee. Kiuno nacho mpime kwa utepe wako wa cherehani, mwanaume akipita sentimita 94 hatari inaanza kupanda, na kinaweza kushuka hata mwezi ambao mzani umegoma. Na siku akianzishiwa dawa za sukari, hasa sindano ya insulini au vidonge vya glibenclamide, msipunguze chakula bila kuwaambia kliniki maana sukari inaweza kushuka ghafla. Akianza kupungua mwenyewe bila kupunguziwa chakula, kiu nyingi na mkojo wa mara kwa mara, msisubiri tarehe ya kadi, mpelekeni.

Dereva_Mwanakwerekwe

Nesi samahani naingilia, mie kijana wa miaka 29, kilo 74, sentimita 172, naendesha daladala, kwenye siti tangu alfajiri mpaka usiku. Tumbo linatoka na nakula mara mbili tu kwa siku, mchana chipsi na soda, usiku urojo au wali nyumbani, na soda nyengine kwenye joto la jioni. Mie yangu ngapi?

Nesi_Mwera

Kaka, 740, jumlisha 1075, toa 145, ongeza 5, ni 1675. Dereva hata usukani na gia tukikuhesabia ni 1.4, inakuja kama 2345. Soda zako mbili ni 300 humo na hazijakushibisha. Chukua chupa kubwa ya maji uweke kwenye gari, chipsi ziwe mara moja kwa wiki, mchana kula wali na samaki na mboga kwa mama yoyote wa pale stendi, sahani ya kawaida. Tumbo likiwa halijapungua baada ya wiki sita niandikie tena hapa na kilo zako.